Mlango wa Chumba cha Maziwa

Murithi mwanangu,

Taa ya nyumba yako bado inawaka. Ninaiona nikiwa hapa kwenye meza ya jikoni, na kila kivuli chako kinapopita dirishani najua umekumbuka kitu kingine cha kutia kwenye begi. Ningekuwa baba yako ningevuka ua sasa hivi, nibishe hodi, niketi kitandani na kusema ninayotaka kusema. Lakini mimi ni mama. Tangu ulipotahiriwa sijakanyaga kizingiti cha nyumba hiyo, ingawa pazia lake nililishona mimi na rangi ya ukuta niliichagua mimi. Kwetu ndivyo ilivyo, na sina ugomvi na desturi. Basi nimeshika kalamu. Dada yako Kinya ataipitisha barua hii chini ya mlango wako alfajiri, na ukisikia mtu akikwaruza hapo usitoke na rungu.

Sitakuandikia habari za soksi. Baba yako amekwisha kukuhutubia juu ya baridi ya Ujerumani kana kwamba alizaliwa huko, yeye ambaye safari yake ndefu ni ya kutoka hapa Kaaga hadi shule anayofundisha kule Kianjai. Shangazi yako Makena amekuombea mpaka sauti ikakauka. Wote wamesema vizuri, na uuguzi unaokwenda kusomea wameusifu kuliko hata wewe unavyousifu.

Mimi nimebaki na jambo moja, nawe unalijua. Juzi tulikuwa tumesimama kwenye tangi la maji ukaniuliza, "Mum, siku hiyo utakuja mpaka airport ama?" Nikakuambia wametangaza kwamba siku hiyo hiyo stima itapotea, kuna matengenezo ya laini kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwamba nitaangalia. Ulinitazama kidogo. Kisha ukajaza ndoo yako, ukasema, "Ni sawa tu. Kazi ni kazi."

Hayo ni maneno yangu. Ndiyo niliyokuambia niliponyanyuka mezani ukiwa katikati ya kunisomea insha yako. Ndiyo niliyokuambia siku ya wazazi shuleni, nilipokuacha umeshika cheti na mimi nakimbilia geti. Ungenikasirikia juzi ningejua la kujibu. Uliyasema kwa upole, kama mtu aliyekwisha zoea.

Sijui kama niliwahi kukueleza kazi yenyewe. Ulichojua tu ni kwamba stima ikipotea, mama anapotea. Basi sikiliza, nitasema mara moja. Pale kwenye chama chetu cha ushirika cha maziwa kuna seva tatu zinazosaidiana. Ndani ya seva hizo zinaishi kompyuta nyingine nyingi zisizo na mwili. Moja inatunza rekodi ya kila mtungi unaopimwa asubuhi, moja inatunza habari za ng'ombe na chanjo, na moja kazi yake ni kujua majina tu, yaani nyingine zikitaka kutafutana huiuliza fulani yuko wapi. Zote zinaweka vitu vyao kwenye ghala moja la diski. Sasa, umeme ukikatika ghafla wakati zinaandika, ni kama kumpokonya mtu kalamu katikati ya neno. Kuna mwaka ilitokea, ukiwa bado unabebwa mgongoni. Wakulima walipanga foleni na mitungi yao na hakuna aliyeweza kusema nani ameleta nini tangu Jumatatu. Wazee wazima walilia mbele yangu.

Ndiyo maana zinatakiwa kulazwa kwa utaratibu. Zile zinazouliza hulala kwanza, zile zinazojibu hulala baadaye, ghala hulala mwisho. Kuamka ni kinyume chake. Tuna betri za dharura zinazobeba mzigo kwa muda wa kusonga ugali na kukaanga sukuma, ukiwa na moto mzuri. Ndani ya muda huo mtu lazima awe amefika na kuzilaza. Mtu huyo alikuwa mimi.

Unajua ule msemo wa mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake. Watu huusema wakimcheka mkubwa anayekula pale alipofungwa. Mimi kamba nilipewa, malisho sikuyaona. Kamba yangu ilifika sokoni, ikafika kanisani, na mwisho wake ulikuwa pale njia inapoanza kuteremka kwenda Nkubu. Kwa mama yangu Mitunguu, nilikozaliwa kati ya migomba, ilikuwa haifiki. Nyanya yako alipougua, ndugu zangu walilala kwake kwa zamu. Mimi nilikwenda Jumapili mchana, nikaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi, sikio kwenye simu. Siku moja aliniambia, "Weka hata hiyo simu chini, mwanangu, unanichosha." Sikuiweka.

Sasa nije kwa siku uliyotoka jandoni.

Kwa wiki zote ulizokuwa ndani ya hiyo nyumba sikukuona hata unywele. Nilipika, binamu yako akavusha sahani, sahani zikarudi, nami nikawa nachunguza umebakisha nini ili nijue hali yako. Ulipoanza kubakisha kabichi nilimwambia Kinya, "Amepona, ameanza kuchagua." Siku ya kutoka niliamka kabla ya jogoo. Hema lilikuwa limesimama, mukimo wa viazi na mahindi umepondwa, nami nimevaa ile nguo ya zambarau. Viti viwili vya mbele vilikuwa vimefungwa utepe mweupe, cha baba yako na changu.

Stima ikapotea. Na jenereta ya ofisini ilikuwa imeharibika.

Nikamwambia baba yako, "Naenda na kurudi. Mchungaji hata hajafika."

Akaniangalia ile nguo, akasema, "Mama Murithi, leo pia?"

"Ni dakika chache tu," nikasema, na nilikuwa naamini.

Chumba cha seva, kama unavyojua, zamani kilikuwa chumba cha baridi cha kuhifadhi maziwa. Tulikichagua kwa sababu kina kuta nene na hakishiki joto. Mlango wake ni ule ule wa zamani, mnene kama godoro. Tulipohamia, bodi ilitaka usalama, tukaweka kufuli la umeme la kufunguliwa kwa kadi. Kitasa cha ndani kikaondolewa. Fundi alisema angerudi wiki ile ile kuweka kitufe cha kufungulia mtu akiwa ndani, na fundi wa kwetu akisema wiki hii, unajua mwenyewe. Na kompyuta ya kusimamia kufuli hilo niliiweka, mimi kwa mikono hii, ndani ya zile seva tatu pamoja na nyingine, kwa kuwa nafasi ilikuwepo.

Nikaingia, nikavuta mlango nyuma yangu kama ilivyokuwa kawaida yangu, ili vumbi lisiingie. Nikazilaza moja moja. Nilikuwa na haraka kwa ajili yako, lakini sikukosea hata hatua moja, na nakumbuka nikijisifu moyoni. Nililaza ya mitungi, nikalaza ya ng'ombe, nikalaza ya mlango, nikalaza ya majina. Kisha seva zenyewe, na mwisho ghala. Feni zikanyamaza. Nikachukua kadi, nikaigusisha ukutani.

Hakuna kilichotokea. Kufuli lilikuwa na betri yake ndogo ya pembeni, na lilikuwa linashikilia amri ya mwisho liliyopewa, yaani kukaa limefungwa. Wa kulipatia amri nyingine nilikuwa nimemlaza mimi.

Simu haishiki mtandao ndani ya kuta zile. Nilipiga mlango kwa viganja, kisha kwa kiatu. Mlinzi alikuwa getini, mbali, na redio yake. Ilikuwa Jumamosi, maziwa yalikwisha pokelewa, ofisi tupu. Nikarudi kuziamsha seva ili niamshe ile ya mlango, lakini kuamka ni kazi ndefu kuliko kulala, na betri zilikuwa zimebakiza pumzi kidogo. Zilizima kabla hata ghala halijasimama. Taa ndogo za kijani zikafa zote pamoja.

Hadithi hii mjini wanaijua. Mpaka leo kuna wakulima wakiniona huulizana kama friji iko wazi. Lakini hadithi yao haina sehemu ya gizani, na hiyo ndiyo nataka uwe nayo.

Kwanza nilikasirika. Nilimtukana fundi, nikawatukana watu wa umeme, nikaitukana bodi yote kwa majina. Nikamkasirikia na baba yako kwa kutokuja kunitafuta, na kumbe yeye alijua nimechagua kubaki, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikichagua siku zote. Hakuwa na sababu ya kudhani leo ni tofauti. Nilipolifikia wazo hilo hasira ilikwisha, nikaketi juu ya kreti la plastiki na nguo yangu ya zambarau.

Nikawa nafuata sherehe kwa kichwa. Sasa mchungaji amefika. Sasa wanaimba. Sasa walezi wako wanafungua mlango wa nyumba yako, na wewe unatoka, na watu wanasimama waone umekuwaje. Mimi sikujua umekuwaje. Nilijaribu kukuona na kila mara nikamwona yule mtoto wa sare ya shule aliyeingia. Kisha nikafika pale wanapoita mama mzazi asimame ampe mwanawe mkono, mara ya kwanza kumsalimu kama mtu mzima. Nikasimama, Murithi. Nilisimama gizani katikati ya mashine zilizozimwa, nikanyoosha mkono. Nilikaa hivyo mpaka bega likauma.

Umeme ulirudi alasiri. Seva hazikuamka zenyewe kwa sababu sikuwahi kuzifundisha. Nikabonyeza vitufe, zikanguruma, kisha zikakwama. Zilikuwa zinalitafuta ghala kwa jina, na kompyuta inayojua majina ilikuwa imelala ndani ya ghala hilo hilo. Mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba ataelewa. Nilikaa pale nikizitazama zikiuliza na kuuliza. Mwishowe nikaanza kuziandikia anwani za ghala kwa mkono, moja baada ya nyingine, nikizitoa kichwani, nikakosea nikarudia. Ghala likaonekana. Ya majina ikaamka, ya mlango ikaamka. Nikagusisha kadi, kufuli likalia kidogo, na mlango ukafunguka kama vile haujafanya neno.

Mlinzi alisimama. "Kwani uko ndani, Mama Murithi? Mimi nilijua ulienda kwa sherehe."

Nilipofika nyumbani walikuwa wanateremsha hema. Shangazi yako Makena alikuwa kwenye kiti changu, utepe bado umefungwa. Ni yeye aliyesimama walipoita mama, na alifanya vizuri, kiti kitupu mbele ya watu ni aibu. Wewe ulikuwa na wanaume wenzako, umevaa suti ya kijivu, shingo imekuwa ndefu. Nikaja na mkono wangu. Ukaupokea barabara, ukasema, "Karibu, Mum. Chakula kiko." Ulinikaribisha kama unavyomkaribisha mgeni aliyechelewa. Nilikula mukimo nilioupika mwenyewe na nikasema asante.

Ungedhani mtu akitoka hapo amejifunza. Nilijifunza, ila nilijifunza kombo. Fundi alikuja wiki iliyofuata mbio mbio akaweka kitufe cha ndani. Kompyuta ya mlango niliitoa mle. Lakini niliporudi nyumbani moyo wangu uliniambia kwamba kosa lilikuwa ni haraka, kwamba ningekuwa makini zaidi, ningekuwa karibu zaidi, haingetokea tena. Kwa hiyo kamba nikaifupisha. Niliacha hata kwaya kwa sababu mazoezi yalikuwa ng'ambo ya mto. Nilitoka kwenye mtego nikaanza kuulinda.

Kuna jambo litakalokuchekesha. Niliwahi kuitwa Embu kwa mafunzo ya siku chache. Mafunzo yenyewe yalikuwa jinsi ya kuzipanga seva zijilaze na kujiamsha zenyewe umeme ukikatika. Hoteli ililipiwa, chakula kililipiwa. Sikwenda. Nilimwandikia meneja kwamba haiwezekani, nani atabaki na seva? Baba yako aliposikia alicheka mpaka chozi, kisha akaacha kucheka ghafla, akaenda kumwaga maji ya chai.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ujinga sikuwa nao, vitabu vya kazi hiyo viko mtandaoni na mimi nasoma. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa. Mkutano wa mwaka mwenyekiti akisema, "Bila huyu mama sisi tumekwisha," nilirudi nyumbani nimejaa. Mtu asiyeweza kuachwa hawezi kutoka, lakini hilo halisemwi kwenye mkutano. Huko unakokwenda wataona upesi kwamba unafanya kazi. Watakuambia wodi haiwezi bila wewe. Utafurahi, na una haki ya kufurahi, mimi pia nilifurahi. Ila siku hiyo hiyo tafuta mtu umwonyeshe kile unachokijua peke yako.

Ulipoanza masomo ya Kijerumani, ukawa unatembea uani ukijisemea maneno yanayokwaruza koo, baba yako aliniuliza swali moja jioni. "Siku akienda ukibaki na mashine, mimi nitawaambia watu nini? Nitasema umejifungia tena?" Hakuwa anatania. Kesho yake nilianza.

Kwanza nilitafuta kompyuta ndogo, ndogo kama kitabu cha nyimbo, nikaiweka nje ya seva zote. Yeye ndiye anayezungumza na betri sasa. Anayewaambia wengine walale hawezi kuwa amelala nao kitanda kimoja, hilo nililijua tangu gizani. Nikaandika utaratibu wote, nani atangulie, nani afuate, angojewe kiasi gani kabla ya kuendelea. Anwani za ghala nikaziandika ndani ya kila seva ili zisimtegemee yule wa majina. Mwenzangu Mutwiri, yule kijana mrefu anayeshughulikia mizani, aliketi nami, na safari hii nilimwacha aguse.

Lakini jambo kama hilo kuliandika si kuliamini. Inabidi uvute waya kweli. Nilimwendea meneja nikamwambia Jumapili nitazima umeme wa jengo zima kwa makusudi. Akaninong'oneza kana kwamba seva zinasikia, "Si uache tu vile iko? Imekuwa ikifanya." Nikamwambia imekuwa ikifanya kwa sababu nimekuwa nikikimbia.

Jumapili ya kwanza Mutwiri alishusha swichi kubwa. Mimi niliketi nje, nimekalia mikono yangu miwili. Zikaanza kulala moja baada ya nyingine bila mtu, na niliona ajabu, na niliona wivu. Kisha nikamwambia Mutwiri arudishe umeme zikiwa katikati, kwa maana wewe unajua stima yetu, hurudi kuchungulia kisha ikaondoka. Hapo mambo yakaharibika. Nusu zilikuwa zimelala, nusu zikadhani kumekucha. Walioamka wakawa wanawauliza waliolala. Mutwiri akashusha swichi tena, na betri zilikuwa hazina kitu, na zote zikaanguka kama magunia. Siku nzima tulikuwa tunaziokota.

Wiki hiyo nilibadilisha vitu viwili. Ukianza kulala, lala mpaka mwisho, hata umeme ukirudi na kukuita. Na umeme ukirudi kweli, usiamke nao. Ngoja kwanza betri zijae kiasi cha kukulaza tena salama, ndipo uamke. Jumapili iliyofuata tulivuta waya, tukarudisha, tukavuta tena kwa hila, na hazikubabaika. Zilingoja betri. Kisha ghala likasimama, seva zikafuata, yule wa majina, yule wa ng'ombe, yule wa mitungi. Mutwiri alipiga makofi peke yake.

Nakuambia hili la pili, Murithi, kwa sababu nakujua. Unafanana nami kwa haraka. Kutakuwa na siku huko utazima kabisa, kwa baridi, kwa ugeni, kwa kuwa hakuna anayejua kutamka jina lako. Kisha itakuja habari njema moja, simu moja kutoka nyumbani, nawe utaruka na kutaka kufanya kila kitu siku hiyo. Mimi niliruka hivyo miaka yote. Lala, ule, nguvu zirudi kidogo kwanza. Hakuna atakayekudai kuamka mapema.

Utaniuliza, kama zilifaulu, mbona juzi kwenye tangi ulisema utaangalia? Nami nimekuwa nikijiuliza hilo tangu wakati ule. Nilidhani naogopa zisije zikaanguka. Leo jioni nilipokuwa nakupigia pasi shati nilijua kwamba naogopa hazitaanguka. Kesho umeme utapotea, zitalala vizuri, jioni zitaamka vizuri, na hakuna hata mtu mmoja atakayesema mama yuko wapi. Na kesho hiyo hiyo wewe utapanda ndege. Wote mliokuwa mkinihitaji mtakuwa mmejua kujilaza na kujiamsha, nyote siku hiyo moja. Niliona heri nibaki na kitu nilichozoea kukifukuzia kuliko kurudi na gari tupu. Nimeliandika sasa na limeniuma, lakini halijaniua.

Jioni hii nilipita ofisini. Lile kufuli la umeme nililiondoa wiki iliyopita. Sasa mlango wa maziwa una kitasa ndani na nje, na ufunguo wa kawaida wa chuma. Ufunguo huo nilimwekea Mutwiri mkononi. Meneja alikuwa amesimama pale na koti lake, akaniuliza, "Na ikikataa kesho?"

Nikamwambia, "Ikikataa, itakataa nikiwa nimeshapita Embu. Mutwiri anajua."

Nilipokuwa natoka mkono ulitaka kurudi kuuchukua ule ufunguo. Hata sasa unataka. Nimesimama mara mbili tangu nianze kukuandikia, nikavaa sweta, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Sikudanganyi kwamba nimefunguliwa. Kamba ya miaka mingi mtu haivui kwa barua moja. Nikiwa ndani ya gari utaniona natazama nguzo za umeme, usinicheke sana. Tukifika Embu nionyeshe mji, mimi huujua kwa kuusikia tu.

Taa yako imezimika sasa hivi. Vizuri, lala.

Mjomba wako Kirimi atafika na gari saa kumi na moja. Shangazi yako Makena tayari ametangaza kwamba yeye atakaa nyuma nawe, akuombee mpaka airport. Atakuwa ametangulia kuingia, unamjua. Sitaki kugombana naye asubuhi mbele ya watu, na siku ile alinisitiri. Kwa hiyo hili nakuomba ulifanye wewe, ambaye ni mtu mzima na neno lako linasikika katika boma hili. Msalimie kwa heshima, mshike mkono, umwonyeshe kiti cha mbele. Akisema hapo nyuma panamtosha, mwambie kiti hicho kina mwenyewe.

Mama yako